Mmempoteza Mtu kwa Uzembe wa Mwingine: Kesi, Maelewano na Bima, au WIBA?

Mara nyingi mtu wa kwanza kufika na karatasi huwa si wakili wenu. Turubai za matanga hazijarudishwa, sufuria za kukodi bado ziko uani, na mgeni aliyevaa vizuri anaomba kuongea na "mkubwa wa familia". Ametumwa na mwenye gari, au na kampuni ya bima, au ni dalali wa kesi aliyepata jina la marehemu kule mochari. Ana bahasha na ana kalamu. Kazi yangu ya usaidizi wa kisheria hapa Nakuru imenikalisha na familia nyingi baada ya saa hiyo, na swali huwa ni lile lile: "Twende kortini au tuchukue hii?"

Swali hilo linaficha mambo mawili. Kwanza, njia ni zaidi ya mbili, na nyingi zinaweza kufuatwa kwa wakati mmoja. Pili, kila njia ina saa yake, na nyingine ni fupi kuliko msiba wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi italipa zaidi, uliza ipi itafunga nyingine, na ipi itafungwa na kalenda.

Ninazungumzia Kenya, na zaidi ajali za barabarani, kwa sababu ndiko misiba hii inakotoka kwa wingi. Tangu mwaka 2021 barabara zetu zimekuwa zikiua watu zaidi ya 4,000 kila mwaka. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, pale makutano ya Londiani, lori liliacha njia na kuvamia magari na watu waliokuwa wakiuza bidhaa kando ya barabara. Walikufa zaidi ya watu 50. Katika msiba mmoja kama huo unaweza kukuta abiria, dereva aliyekuwa kazini, na mama aliyekuwa akiuza mboga. Sheria haiwapeleki wote mlango mmoja.

Hizi hapa njia tatu kuu za fidia, zikiwa zimewekwa pamoja (WIBA ni sheria ya mafao ya aliyeumia au kufa kazini):

| | Kesi ya madai | Maelewano na bima | WIBA |
|---|---|---|---|
| Anayelipa | Mwenye kosa, kupitia bima yake | Kampuni ya bima au mwenye gari | Mwajiri au bima yake |
| Kuthibitisha uzembe | Lazima | Si lazima, ila ushahidi ndio hupandisha bei | Si lazima |
| Mwisho wa muda | Miaka 3 tangu kifo. Miezi 12 ikiwa mnaidai Serikali | Hauna wake, lakini saa ya kesi inaendelea kukatika | Miezi 12 tangu kifo |
| Inachofunga | Kesi nyingine ya wategemezi juu ya kifo hicho hicho | Madai yote dhidi ya aliyelipa | Kesi ya uzembe dhidi ya mwajiri |

Ili tusiongee hewani, tumchukue mtu wa mfano tu: seremala wa miaka 38, anayebaki na shilingi 20,000 kwa mwezi, mwenye mke, watoto watatu na mama mzee kijijini.

Kesi ya madai

Kesi ya kifo husimama juu ya sheria mbili. Sheria ya Ajali za Vifo, Sura ya 32, inawalipa waliokuwa wakimtegemea marehemu. Sheria ya Marekebisho ya Sheria, Sura ya 26, inalipa mirathi yake: maumivu aliyopata kabla ya kukata roho, na miaka ya kuishi aliyonyang'anywa. Wakili huzidai zote mbili katika kesi moja.

Wategemezi ni akina nani? Mke, mume, wazazi na watoto. Babu na bibi huhesabiwa upande wa wazazi, wajukuu na watoto wa kambo upande wa watoto. Kaka na dada hawamo. Hapa huwa naona nyuso zikibadilika, maana katika familia zetu mara nyingi marehemu ndiye aliyekuwa akimlipia mdogo wake karo ya chuo. Sheria haimtazami mdogo huyo hata kidogo, na ni heri mjue mapema kuliko kugombana hukumu ikishatoka.

Hesabu yenyewe si siri. Hakimu huchukua mapato ya mwezi yaliyobaki baada ya makato, anazidisha kwa 12, anazidisha tena kwa miaka anayoona marehemu angeendelea kuleta kipato, kisha anatoa sehemu ambayo angeitumia mwenyewe. Kwa mwenye familia, sehemu ya wategemezi kwa kawaida huwa theluthi mbili. Hakimu akimpa seremala wetu miaka 18, tunapata 20,000 × 12 × 18 × 2/3, yaani shilingi 2,880,000. Kwa miaka ya maisha aliyopoteza, mahakama zimezoea kutoa karibu shilingi 100,000. Fedha za maumivu hutegemea alikaa muda gani kabla ya kufa, na gharama za mazishi huongezwa. Hakimu akiona marehemu naye alichangia ajali, tuseme kwa asilimia 20, ile 2,880,000 inashuka hadi 2,304,000.

"Lakini hakuwa na payslip." Nimesikia mama mmoja akilisema hilo kama anayeungama dhambi. Mama, hiyo si sababu ya kukaa nyumbani. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilikataa dhana kwamba kazi na mapato huthibitishwa kwa vyeti na hati peke yake, kwa kuwa ingewadhulumu Wakenya wengi wanaojipatia riziki bila kuweka kumbukumbu. Leteni rekodi za M-Pesa, daftari la chama, mteja aliyetengenezewa kitanda, jirani wa karakana. Yakikosekana yote hayo, mahakama nyingi hutumia kima cha chini cha mshahara wa kazi ya aina hiyo. Kwa mtoto aliyekuwa bado shuleni, hakimu huweza kutoa kiasi kimoja cha jumla bila hesabu ya miaka.

Udhaifu wa njia hii ni muda na uhakika wa malipo. Hesabuni miaka miwili au mitatu, na zaidi upande wa pili ukikata rufaa. Na hukumu haijawa pesa mfukoni. Bima ya lazima ya gari hulipa dai la mtu mmoja hadi shilingi 3,000,000. Kinachozidi hapo ni juu ya mwenye gari. Bima ikikataa kulipa hukumu, wakili hufungua kesi ya pili dhidi ya bima yenyewe. Tena kampuni za bima huanguka: United mwaka 2005 na Blue Shield mwaka 2011 ziliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria huku watu wakisubiri malipo. Kwa hiyo jina la kampuni kwenye abstrakti ya polisi, yaani muhtasari wao wa ajali, lina uzito wake mnapopima njia. Kampuni inayoyumba inafanya maelewano ya haraka yawe na mantiki ambayo yasingekuwa nayo kwa kampuni imara.

Maelewano nje ya mahakama

Siyapingi maelewano. Kesi nyingi za ajali huishia huko, na mjane mwenye watoto watatu hawezi kulisha watoto kwa hukumu itakayokuja mwaka wa tatu. Ninachopinga ni maelewano ya wiki ya kwanza.

Fikiria pendekezo hilo linavyokuja. Shilingi 300,000 taslimu, mbele ya wazee, wakati deni la hospitali halijalipwa na jeneza lilinunuliwa kwa mkopo wa sacco. Ni pesa nyingi kwa macho ya siku ile. Ukiiweka kando ya ile 2,880,000, ni kama sehemu moja ya kumi. Na karatasi inayoambatana nayo, hati ya kuachilia madai, husema kwamba familia imepokea malipo kamili na ya mwisho. Kati ya karatasi zote nitakazozitaja, hiyo ndiyo yenye kufuli.

Tofautisheni rambirambi na fidia. Mwenye gari akileta ng'ombe, unga, au pesa ya jeneza, hakuna ubaya kupokea. Utu ni utu. Ila kama anataka saini, andikeni kwa mkono wenu: "Tumepokea shilingi kadhaa kwa ajili ya mazishi tu." Akikataa maneno hayo, mmeshajua kilichomleta.

Kuna pia maelewano ya wazee. Kaskazini mwa nchi diya, yaani fidia ya damu, ina mizizi mirefu, na Katiba katika kifungu cha 159 inazitambua njia za jadi za kusuluhisha mradi zisivunje haki za watu. Huleta amani kati ya koo, jambo ambalo hakimu hawezi. Lakini nimeona pia malipo yakipokelewa na ukoo na mjane akibaki kuuliza fungu lake liko wapi. Mkienda njia hiyo, jina la mama na la kila mtoto yaandikwe, pamoja na kiasi cha kila mmoja.

Maelewano ninayoyapenda mimi huja baada ya karatasi kukamilika. Pateni kwanza hati ya usimamizi (karatasi ya mahakama inayompa mtu mamlaka juu ya mirathi ya marehemu), kusanyeni ushahidi, wakili aandike barua ya madai, na ikibidi kesi ifunguliwe. Halafu mketi mezani. Bima inayojua mko tayari hupanda bei. Mkikubaliana kesi ikiwa imefunguliwa, maafikiano huandikwa mahakamani na kupata nguvu ya hukumu. Pakiwa na watoto chini ya miaka 18 katika kesi hiyo, mahakama lazima iyaridhie maafikiano kwa niaba yao, na fungu lao huweza kuwekwa akiba hadi wakue. Wengine huona huo ni usumbufu. Mimi nimeshukuru mara nyingi kwamba upo.

WIBA, kama alikufa kazini

Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007, ambayo kila mtu anaiita WIBA, haiulizi nani alizembea. Inauliza tu: alikuwa mwajiriwa, na ajali ilitokana na kazi? Jibu likiwa ndiyo, wategemezi hulipwa sawa na mapato ya miezi 96. Kwa seremala wetu, kama alikuwa ameajiriwa kwenye karakana, ni 20,000 × 96, yaani shilingi 1,920,000, pamoja na gharama za mazishi hadi kiwango kilichowekwa.

Ni pungufu ya ile ya mahakamani. Lakini haipunguzwi kwa kusema marehemu naye alikuwa na makosa, haihitaji shahidi wa namna ajali ilivyotokea, na mwajiri au bima yake anatakiwa kulipa ndani ya siku 90 tangu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini awasilishe dai. Kwa vitendo huchelewa. Hata hivyo mlango huu ni mwepesi kuliko kesi.

Sharti lake ni kwamba huwezi kuuruka. Kifungu cha 16 kinazuia kumshtaki mwajiri kwa uzembe nje ya utaratibu huu, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu iliithibitisha sheria hiyo. Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi huweka pingamizi ndani ya siku 60, kisha anaweza kwenda Mahakama ya Ajira. Mwajiri anayewaambia "yule alikuwa kibarua tu, hana chochote" msimwamini kabla ya kwenda ofisi ya DOSH, ile ya Mkurugenzi huyo, katika kaunti yenu na kuuliza. Ukibarua peke yake haumwondoi mtu kwenye WIBA.

Kinga hiyo ni ya mwajiri. Kama seremala alitumwa na mwajiri kupeleka meza na akagongwa na lori la watu wengine, WIBA ni dhidi ya mwajiri, na kesi ya uzembe ni dhidi ya mwenye lori. Mwambieni wakili mapema kuhusu malipo ya WIBA, maana upande wa pili utataka yazingatiwe. Familia nyingi huchukua moja na kudhani nyingine imekufa, kisha miaka 3 inapita.

Mama muuza mboga wa kando ya barabara hana mwajiri, kwa hiyo kwake WIBA haipo. Njia yake ni kesi au maelewano.

Kesi ya jinai: si fidia, lakini msiipuuze

Dereva akishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa kuendesha kwa hatari, anaweza kufungwa hadi miaka 10. Kesi hiyo ni ya Serikali, na familia haipaswi kuitegemea kwa fidia. Faida yake ni ushahidi: dereva akitiwa hatiani na rufaa zikaisha, hatia hiyo haibishaniwi tena katika kesi yenu ya madai, ingawa bado wanaweza kudai marehemu naye alichangia. Akiachiliwa, madai yenu hayafi, kwa kuwa kipimo cha ushahidi ni tofauti. Msisubiri iishe ndipo mfungue yenu. Nimeona mafaili ya trafiki yakiahirishwa mpaka muda wa madai ukaisha.

Pale ambapo chanzo cha kifo hakieleweki, hakimu anaweza kufanya uchunguzi wa kifo. Kifo mikononi mwa polisi kipelekwe IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, bila kungoja kituo kijichunguze. Kifo cha hospitalini kinaweza kulalamikiwa kwa KMPDC, baraza la madaktari, ambalo huadhibu daktari. Fidia ni ya mahakama. Katika hayo yote, mkimdai mtumishi wa Serikali, kumbukeni miezi 12. Kwa hospitali ya kaunti pia nawashauri mshike saa hiyo hiyo fupi, msijaribu bahati.

Ufunguo: hati ya usimamizi

Bila hati ya usimamizi wa mirathi, kesi ya mirathi ikifunguliwa huhesabiwa kuwa batili, hata hati ikija baadaye. Wategemezi wenyewe wanaruhusiwa kudai kwa majina yao miezi 6 ikipita bila msimamizi kufungua kesi, lakini hapo mnapoteza ile sehemu ya pili ya madai, ya mirathi. Kuna hati ndogo ya kufungulia kesi tu, na hutoka haraka kuliko ile kamili. Ila haimpi mtu mamlaka ya kugawa mali. Fedha zikija mtahitaji hati kamili.

Mjane au mgane ndiye wa kwanza katika mpangilio wa sheria ya urithi. Nasema hivi kwa sababu kila mara kuna shemeji anayejitolea "kumpunguzia mama mzigo". Huenda ana nia njema. Mwacheni asaidie kubeba faili, lakini jina kwenye hati liwe la mama, au wawe wawili pamoja. Barua ya chifu ndiyo huanzisha safari, kwa hiyo hakikisheni inataja wategemezi wote, pamoja na mtoto wa nje ya ndoa ambaye kila mtu anamjua na hakuna anayemtaja.

Kuhusu ada: wakili anayesema "sitaki kitu sasa, nitachukua asilimia 30 tukishinda" anawapa mkataba ambao Sheria ya Mawakili haiutambui. Ombeni ada iandikwe, na malipo yapite kwa maandishi. Asiyejiweza aulizie Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria, au Kituo Cha Sheria.

Mimi ningechagua vipi?

Alikufa kazini na mwajiri ndiye mwenye kosa: WIBA, mara moja, msipoteze mwezi. Alikufa kazini kwa kosa la mtu wa nje: WIBA kwanza, kesi ikifuata nyuma. Abiria au mtembea kwa miguu, gari lina bima imara na kuna mashahidi: andaeni kesi, kisha mkubali maelewano yakifika walau theluthi mbili ya hesabu yenu. Hicho ni kipimo changu, si cha sheria. Nakipa uzito kwa sababu ya miaka inayookolewa. Bima ya kutiliwa shaka na mwenye gari asiye na mali: pateni maelewano mapema, hata kwa nusu, lakini kwa pesa iliyokwisha kuingia benki, si kwa hundi ya mwezi ujao. Serikali: kesi, na wakili ndani ya miezi mitatu ya kwanza.

NSSF, pensheni, sacco na bima ya maisha ya marehemu vifuateni sambamba. Havifungi mlango wowote kati ya hii.

Na kwa aliyesoma hadi hapa huku moyo ukimwenda mbio kwa sababu karatasi ilikwisha kusainiwa wiki ya matanga: itafuteni nakala yake. Angalieni nani alitia saini, na kama siku hiyo alikuwa na hati ya usimamizi. Mjomba au shemeji asiye na hati hakuwa na mamlaka ya kuachilia madai ya mirathi, sembuse ya watoto wadogo. Hiyo ni hoja ambayo wakili anaweza kuisimamia, pesa iliyopokelewa ikahesabiwa kama sehemu ya malipo. Nendeni kwake mkiwa na nakala hiyo, namba ya OB (kitabu cha matukio cha polisi), abstrakti, cheti cha kifo, ripoti ya uchunguzi wa maiti na risiti za mazishi, hata zile zilizoandikwa kwa kalamu kwenye kipande cha daftari.